Kompyuta ya Mwalimu wa Kwaya Imepigwa Windows Mpya

Jumanne, Kilakala. Ubaridi wa kuvaa sweta ndani ya nyumba, na ukungu umeikalia Uluguru tangu asubuhi kama mgeni asiyejua kuaga.

Ndugu wananchi, kwa heshima na taadhima ninawatangazia kwamba leo, baada ya mashauriano marefu ndani na nje ya mipaka ya sebule yangu, kompyuta yangu imepigwa windows mpya. Zoezi limekwenda kwa amani na utulivu. Hakuna kilichopotea. Wimbo wa mavuno uko salama, nota kwa nota, kama mtunzi wake alivyouandika. Mtunzi ni mimi.

Hilo ndilo tangazo. Yanayofuata ni ya shajara, na huku hatuna itifaki.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mchana nauza swichi na nyaya za umeme mjini, jioni nafundisha kwaya ya parokia. Wote wananiita mwalimu, ingawa darasani mara ya mwisho nilikaa upande wa wanafunzi, tena nyuma.

Kompyuta yenyewe niliinunua enzi zile mitumba ilipoanza kumwagika nchini, si mashati tu, bali friji, baiskeli, na hizi kompyuta zilizokwisha kustaafu kwenye ofisi za wenzetu. Skrini yake ni ile ya kichogo. Ukiiwasha unaweza kwenda kuoga, ukarudi, ukaikuta bado inajifikiria.

Miaka yote watu wameniambia niipige windows mpya. Miaka yote nimekataa.

Sikuwa mkaidi tu. Ndani yake mna programu ya kuandikia nota, niliyopewa na padre mmoja kijana kabla hajahamishwa. Ni ya zamani kama kompyuta yenyewe. Kila fundi niliyemuuliza alinijibu kwa kukuna kichwa: windows mpya huenda ikaikubali, huenda ikaikataa. Ikikataa, nyimbo zangu zote zinabaki mafaili yasiyofunguka. Kwa hiyo nikawa naahirisha. Kuahirisha ndiyo kazi ninayoiweza bila kufundishwa.

Kisha parokia ikatununulia printa mpya.

Printa nzuri, nyeupe, ya kisasa, na imegoma kabisa kuongea na windows ya kizamani. Huku Jumapili ni Misa ya mavuno. Kwaya za vigango vya mlimani zinashuka kuimba nasi wimbo wa kutoa shukrani, na karatasi za nota lazima zipande na gari la mboga kesho asubuhi, ili wenzetu wapate siku za kujifunza. Bila karatasi watashuka na sauti zao nzuri, wasimame nasi, watutazame tunavyoimba.

Na wimbo huo haujawahi kuwa kwenye karatasi. Kwaya yangu niliifundisha kwa chaki, kwenye ubao wa ukumbini, nikafuta. Sikutaka kuuchapa kwa sababu kuna mahali hapakunikaa. Pale kwenye "pokea vikapu vyetu", sauti ya pili nilikuwa nimeiacha kwenye nota moja, so. So, so, so, so, mstari mzima, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilijua ni uvivu. Nilisema nitaparekebisha, ndipo nichape.

Basi juzi Jumapili nikaizunguka kompyuta. Jana nikaizunguka tena. Mke wangu alikuwa anachambua mchele, akanitazama juu ya ungo.

"Baba Deo, hiyo ni kompyuta au posa? Mbona vikao haviishi?"

Leo asubuhi nikaamua. Nikalipakata lile sanduku lake kwenye bodaboda, kama mtoto anayepelekwa chanjo, hadi kwa fundi Rajabu, rika langu, mwenye kibanda karibu na soko. Akachomeka waya zake, akaniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, vitu vyako viko wapi? Maana nikipiga, C yote inafutika. Vya D sigusi."

Diski yangu ina vyumba viwili, C na D. Hilo nalijua. Nyimbo naweka D, miaka yote.

"Viko D, vyote. Piga!"

Nilisema kwa sauti ya mtu anayefungua daraja.

Kurudi nyumbani, nikawasha. Ikaamka kabla sijavua viatu. Nikaingiza CD ya padre, nikaweka programu ya nota, nikafumba macho, nikabonyeza. Ikafunguka! Ile hofu yote ya miaka, ikafunguka kama mlango wa jirani. Nikapiga makofi peke yangu. Nikaingia D: nyimbo za Krismasi zipo, za Pasaka zipo, za harusi zipo, hata ule wa kumpokea askofu tulioimba mvua ikanyesha, upo.

Wa mavuno haupo.

Nikatafuta tena, taratibu, kama anayetafuta miwani aliyoivaa. Ndipo nikakumbuka. Wimbo ule niliuona wa thamani kuliko zote, kwa hiyo sikuutupa D pamoja na nyingine. Niliuweka desktop, katikati ya skrini, niuone kila nikiwasha. Ili usipotee.

Nikampigia Rajabu.

"Desktop si ndiyo C hiyohiyo, mwalimu wangu! Wewe ulisema piga. Tena ulisema kwa nguvu."

Akaniambia windows mpya imeandikwa juu ya vya zamani, cha kurudi hakuna. Hakucheka. Namjua, alisubiri nikate simu kwanza.

Nilikaa. Nikawaza kuwapa wenzetu wa mlimani wimbo wa mwaka jana. Nikawaza kuugua. Mke wangu akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Wimbo gani uliopotea? Ule tunaouimba kila Alhamisi?"

"Huohuo."

"Sasa umepotea vipi, na sisi tunao?"

Hapo nikainuka. Nikasema gari la mboga haliondoki bila karatasi zangu, hata ikibidi nipande nazo juu ya matenga. Nikamwita Banzi, besi wetu, seremala wa mtaa wa pili. Akaja na maranda kwenye nywele, akaketi kwenye stuli, akaanza kuunguruma. Sauti ya kwanza kila mtu anaijua. Teno ni mimi. Mke wangu ni sauti ya pili. Wao wanaimba kipande, mimi naandika, tunarudia, tunasonga. Chai ikapoa, hakuna aliyejali.

Tukafika "pokea vikapu vyetu".

Mke wangu akaanza kwenye so, nilipomwacha. Halafu akashuka. Fa, mi, akakaa hapo kidogo, akapanda tena taratibu, akakutana na besi ya Banzi mahali ambapo sikujua kwamba pana kitu. Vidole vyangu vikasimama.

"Rudia."

Akarudia, vilevile.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako! Si ulituandikia ubaoni? Au umeshasahau wimbo wako mwenyewe?"

Banzi akacheka hadi maranda yakadondoka. "Huyu ndiye anayetugombeza Alhamisi!"

Nikainamisha kichwa, nikaandika.

Mazoezini huwa nasimama mbele ya sauti ya kwanza, na kinanda nakifungulia sana. Miezi yote hiyo akina mama wa sauti ya pili walikuwa wamekwisha kumfungua mbuzi wangu kamba, na mimi sikusikia.

Jua lilipokuwa linazama, printa ikachapa. Mke wangu akachukua karatasi ya kwanza ikiwa bado na joto, akafuata mstari wake kwa kidole, akitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona? Nilikwambia hatujasahau hata nota moja."

Nikasema, "Kweli."

Si kweli. Wimbo nilioutunga mimi umefutika leo mjini, kwa amri yangu mwenyewe, na hautarudi. Huu uliopo mezani umefanana nao, ila mahali pale palipokuwa pamenishinda pamekaa sawa, na aliyepaweka sawa yuko jikoni anaimba, hajui. Juu ya kila karatasi kuna neno "Mtunzi" na jina moja tu.

Karatasi zimeshafungwa kwa kamba. Ila gari la mboga ni la asubuhi, na kompyuta siku hizi inaamka haraka.

Ngoja niiwashe tena, niongeze jina.