Unywele wa Kioo wa Mwalimu Gintautas

Jumatatu, 5 Juni
Mvua Vilnius nzima. Ncha nyingine ya uzi nimeiharibu. Uzi wa kioo, mwembamba kama unywele: leza inaingilia huku, kule mwanga utoke pande zote sawasawa. Wangu unatokea upande mmoja. Ukiingia hivyo kooni utamchoma mtu huku, uvimbe unaotibiwa ubaki kule. Na mtu mwenyewe ni mwalimu wangu, Gintautas! Yeye ndiye aliyenifundisha kuushika uzi huu.

Alhamisi, 8 Juni
Nimempelekea ncha mpya. Hamezi tena hata supu baridi ya bitiruti. Kaitazama kwa lenzi. Kisha, kwa sauti ya kukwaruza: "Daiva, hii umeipiga msasa kwa hasira. Huku imekwanguka, huku bado."
Nikamwambia, mwalimu, koo linaloumwa ni lako, wewe pumzika. Akasema ndiyo maana anakagua — nani anashonewa suti bila kupimwa?
Nilicheka. Kwenye ngazi nikalia.

Jumatatu, 12 Juni
Imekubali! Nimeacha msasa, nimeichovya kwenye asidi, taratibu, nikiizungusha. Mwanga mwekundu unatoka mviringo mzima.
Daktari Jurgita ameshamchoma mwalimu sindano — dawa inayofanya uvimbe ufe ukimulikwa. Jua sasa ni adui yake, hata taa kali: ngozi itaungua. Mapazia yamefungwa, miwani myeusi. Yeye, aliyeishi na mwanga maisha yake yote! Amulikwe keshokutwa, la sivyo dawa itaisha nguvu. Dozi nyingine mwili wake hauiwezi.

Jumatano, 14 Juni
Benchi la korido, hospitalini. Tumepima — mwanga unaotoka ni nusu. Nusu! Nikadhani ni ncha yangu. Siyo. Ni huku mwanzo, leza inapoingilia: uso wa uzi umekwaruzika, labda njiani, mwanga unatawanyika kabla ya kuingia.
Jurgita akataka tuongeze nguvu ya leza. Nikakataa — pale penye mkwaruzo pataungua, tukose uzi kabisa. Sina mwingine. Sharti niusugue upya, hapa hapa, kwa mkono. Nikikosea, basi.
Mwalimu kasikia kutoka kitandani. "Mpeni binti meza isiyotikisika. Na mumwache!"
Muuguzi ameifuata meza. Naandika nikiisubiri.
Mlango wake uko wazi kidogo, mwanga wa korido unaingia. Jurgita amekuja kuufunga. Mwalimu hataki — anasema lazima asikie nitakavyosugua, kosa atalijua kwa sauti. Jurgita kasimama pale, mkono kwenye kitasa, ananitazama mimi niamue.