Siku Utani Ulipowekwa Kando

Jumapili jioni, Temeke. Mvua imekatika, gauni langu limejaa tope, na sijui kama nicheke au nilie.

Tunahamia Uganda. Mzungu aliyemwajiri Yosefu anafungua karakana ya useremala Kampala, na fundi anayemtaka ni Yosefu tu. Mimi na Yosefu tunaishi nyumba moja mwaka wa tatu sasa bila ndoa. Yeye wa kanisani, mimi wa msikitini, na hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Watu wameshasema weee, wakachoka.

Lakini watoto wangu ninaokaa nao, Mwajuma na Hamisi, ni wa Salehe, mume wangu wa kwanza. Baba yao akikataa, hawavuki mpaka. Na wasipovuka, mimi sivuki.

Kwa hiyo leo Yosefu alinipakia kwenye baiskeli hadi Kunduchi. Njia nzima nilikuwa na hofu, maana Salehe namjua, ana hasira za karibu. Tulimkuta barazani na jirani zake.

Salehe ni Mzaramo, Yosefu Mnyamwezi. Watani tangu enzi za mababu, na mtani hakasirikiwi. Yosefu hata hodi hakupiga. Alijitupa mkekani, akachukua kikombe cha kahawa cha Salehe, akanywa.

"Mzaramo, wale watoto wangu ulionizalia, sasa nawachukua. Nawapeleka Uganda."

"Wachukue, mpagazi wee! Chukua na jogoo, usije ukafa njaa njiani!"

Baraza zima likaangua kicheko. Moyoni nikasema, yameisha. Kasema mbele za watu. Tushukuru, tupande baiskeli, twende zetu.

Yosefu hakunyanyuka.

Alirudisha kikombe, akavua kofia. "Mtani, hapo tulikuwa tunataniana. Sasa nakuomba kweli. Ukikataa, hatuendi, na sitakulaumu."

Nilitamani nimzibe mdomo! Kitu kimeshaingia mkononi, anakirudisha mwenyewe. Sasa nimetulia, naona sijawahi kumpenda kama nilivyompenda pale. Mimi nisingeweza.

Salehe aliacha kucheka. Alitazama miguu yake. Halafu akasema bila kuinua uso:

"Mwajuma anaogopa radi. Msimlaze peke yake."

Basi. Hiyo ndiyo ruhusa aliyotupa.

Nimeishi na mtu yule, nikaachana naye kwa maneno makali, na sikujua kwamba analijua hilo la radi. Leo nimemheshimu, na sioni aibu kuliandika.

Gari moshi linaondoka Jumamosi. Salehe hakuomba chochote, lakini nataka siku zilizobaki watoto wakalale kwake. Yosefu naye kasema ni vizuri. Je, akiwazoea tena akawazuia? Naogopa, kusema kweli naogopa sana.

Kesho asubuhi nawapeleka mwenyewe.