Hadithi ya Arobaini

Dada,

Watoto hawajambo, na bomba la jikoni limetengenezwa. Salamu zimeisha.

Unajua najitolea kwenye kamati ya ile maktaba ya mtandaoni, ambako mashabiki wa michezo ya redio huweka hadithi wanazojitungia. Jumanne, zamu yangu, likaja ombi: mwandishi anayejiita Nyuki anataka hadithi zake zote arobaini zifutwe. Kanuni yetu haina mjadala. Mwenye chake akitaka, tunafuta. Nikafuta moja moja mpaka nikafikia ya mwisho, “Chini ya Kitanda”. Hiyo nikaisoma. Shujaa wa redio amejificha na mdogo wake, baba anaupiga mlango mateke, na shujaa anamziba mdogo masikio kwa viganja.

Viganja vyako, dada. Masikio yangu.

Miaka yote nikikuuliza juu ya usiku ule, unasema niliota. Mama ananiita mzushi, nawe umetulia kama maji mtungini. Kumbe watu baki wa mtandaoni uliwasimulia, na sasa unataka hata hilo lifutike.

Nimefuta thelathini na tisa. Hiyo moja njoo uiombe mwenyewe, mbele ya mama.

Mimi mdogo wako, ambaye hakuota.