Gari la Baba Limegoma

Ledbury, Machi 9

Kwako kaka Rowland,

Pokea salamu zetu, mimi na Mama. Natumaini joto la huko Perth halijawamaliza, na mgongo wa wifi umepata nafuu. Huku tu wazima. Mama anakula vizuri na analalamika vizuri zaidi.

Sasa lile gari la marehemu Baba. Ulisema nilifute vumbi tu, mnunuzi wako akija Jumamosi aondoke nalo. Vumbi tu! Magurudumu ya nyuma hayakuzunguka hata kidogo. Breki ya mkono ilikuwa imevutwa hadi juu majira yote ya baridi, na kutu imezigandisha shuu za breki ndani ya drami, lile bakuli la chuma nyuma ya gurudumu. Sisi watoto wa Baba tulifundishwa hilo kabla ya kujua kusoma: gari likilazwa kwa baridi, breki unaiachia, magurudumu unayawekea matofali. Nikajisemea Mama kazeeka, kasahau.

Nimeigonga drami ya kushoto kwa nyundo mpaka bega likafa ganzi. Ilipotoka, kwa furaha ya kijinga nikafungua na ya kulia, nikachomoa kila kitu pande zote mbili. Najua, usinicheke. Unafungua upande mmoja, wa pili unaubakiza wa kutazamia. Nikabaki na rundo la springi, sijui ipi inaingia tundu lipi. Moja iliruka ikapotelea kwenye kabichi za jirani yetu, Bwana Tranter. Naye akaja na kikombe chake cha chai, akaegemea mlango, akaniuliza eti natengeneza gari au nachinja kuku. Nikamwambia mzee, ama shika tochi ama nenda kwako. Hakushika tochi, na kwake hakwenda.

Ijumaa, baada ya kuiokota springi kabichini, nikamaliza, magurudumu yakazunguka. Nikaingia ndani kunawa. Kurudi, namkuta Mama kaketi garini, anavuta breki ya mkono kwa mikono miwili kama anayeng'oa karoti. Nilipandwa na hasira, nikamuuliza kama anajua nilivyohangaika. Akanijibu, we mtoto, unadhani nilisahau? Maisha yangu yote ya ndoa baba yako ananihubiria breki hiyo, nisahau vipi? Aliivuta makusudi, tangu siku uliyotaja kuuza. Alisema gari ni lake, wewe hukumuuliza, na mimi ninayelala naye nyumba moja sikumuuliza, basi kaliacha gari ligome kwa niaba yake. Hilo liliniuma, Rowland, maana ni kweli.

Kwa hiyo mnunuzi nimemrudisha mikono mitupu. Alinuna sana, ametoka Bristol kwenye mvua. Wala si kwa sababu ya breki, hazikuwa na kasoro yoyote. Tulizijaribu asubuhi ile ile kwenye mteremko, Mama kwenye usukani, ananikaripia niache kukanyaga breki ambazo upande wangu hazipo.

Ukiwa na hasira, usiniandikie mimi. Mpigie yeye simu, umuulize anataka nini. Ila usipige mchana. Mchana siku hizi hapatikani nyumbani, wala gari halipo.

Mbusu wifi na watoto kwa niaba yetu.

Ni mimi dada yako,
Philippa