Seli Nilizozionea Huruma

Mama yangu mpendwa,

Kaa chini kwanza, usije ukaanguka na hilo goti lako. Mwanao nimepandishwa cheo! Sasa ni mkuu wa kulisha seli, maabara nzima. Waambie akina mama wa kanisa. Goti lenyewe linasemaje? Ng'ombe ameshazaa? Mimi hapa mtaani Bwaise ni mzima, ingawa mvua ya juzi iliingia chumbani bila hodi ikaketi.

Seli ni vile vijumba vidogo vilivyojenga mwili, wako na wa ng'ombe. Nakato, msichana anayefanya utafiti hapa maabara, anazifuga katika kabati la joto na kuzinywesha maji ya rangi ya waridi yenye chakula. Wiki iliyopita akaziwekea maji hayo bila chakula. Nikamuuliza kwa heshima ya huku, "Nyabo, hizi zimekosa nini?"

"Nazifungisha saumu siku mbili. Usiguse."

Mama, wewe ulinifundisha mgeni halali njaa. Jumapili, Nakato akiwa kanisani Lubaga, nikamaliza kuosha chupa, nikafungua kabati, nikazimiminia zote chakula. Nikatoka najiona malaika.

Jumatatu akachungulia kwenye hadubini, akashika kichwa. "Ssebo, umezilisha?"

"Kidogo tu. Zilikuwa zinanitazama."

"Seli haina macho!" Akaketi sakafuni, akalia. Nikajua neno lake moja tu kwa mkubwa, narudi kwako na begi.

Alipofuta machozi akanieleza. Chakula kile hubeba ujumbe: gawanyika! Ujumbe hugonga ngozi ya seli, halafu wajumbe wa ndani wanapokezana mpaka moyoni mwake, kama tulivyopokezana ndoo siku jiko letu liliposhika moto. Akizinyima, zote hutulia katika hatua moja. Akizirudishia, zote zinaamka pamoja, naye anaona mjumbe gani ameanza kusema na nani amemnyamazisha. Mimi nilikuwa nimeziamsha yeye hayupo. Tena ndani kuna vizuizi kama vya mpakani: seli haipiti mpaka mizigo ikaguliwe. Mjumbe asiponyamaza, na kizuizi kikilala, seli inagawanyika bila breki. Ndio ule uvimbe uliomchukua shangazi.

Hapo utani ukaniisha. Nikamwomba msamaha kwa magoti yote mawili.

Hakunishtaki, Mama. Alianza upya na seli nyingine, mimi nikililinda kabati kama mchumba. Jana akaniita kwenye hadubini. Nikaganda pale hadi seli moja ikajibana katikati kama donge la chapati, zikawa mbili. Nikapiga vigelegele, mwanamume mzima! Nakato akacheka hadi miwani ikaanguka.

Msalimie dada Nekesa. Na baba mdogo, fundi wa baiskeli, mwambie nimehakikisha kisayansi: breki ni bora kuliko kengele.

Mungu akulinde, nami nikukute ukitembea bila fimbo.

Kitinda mimba wako,
Wafula

Kama hujawaambia akina mama wa kanisa, usiwaambie. Cheo hakuna. Naosha chupa.