Nakimbia Asubuhi, Nanenepa Mchana

Jumatano, saa kumi jioni. Baridi ya Agosti imekataa kutoka. Nguo zilizoanikwa jana bado zinadondosha maji, na roho yangu nayo haijakauka.

Kesho ni kliniki. Tangu asubuhi naomba kesho ichelewe.

Mnaonisoma mnakumbuka, miezi mitatu iliyopita nesi aliniambia sukari yangu iko mpakani. Haijaingia, akasema, lakini imesimama mlangoni. "Mama, fanya mazoezi, punguza kilo tano tu, kisha urudi tupime tena." Kilo sikuzisikia. Mimi nilisikia mlango. Mwaitu, mama yangu mzazi, sukari ilimwingia hivyo hivyo polepole kule Kitui, mpaka wakamkata mguu chini ya goti. Mimi ndiye niliyekuwa nikiosha pale palipobaki. Hadi leo nikivua soksi naangalia vidole vyangu, kimoja kimoja.

Basi nikaanza mbio.

Tuko kina mama wanane wa ploti moja hapa Kware. Kukianza kupambazuka tunashuka ngazi, leso kiunoni juu ya suruali, tunakimbia mpaka mtaa wa Fedha kwenye barabara pana, tunarudi. Mimi niliyekuwa nikihema kwa kuinama kufunga kiatu, siku hizi nafika mwisho. Sijakosa ila siku moja tu, na hiyo nilikuwa mazishini.

Sasa acha nikiri.

Tukirudi hatuendi nyumbani. Tunaishia hapo kwenye lango la ploti, kwa Mama Halima muuza mahamri. Yeye pia hukimbia na sisi, na buibui lake, akiwa ameacha unga wa mahamri umefunikwa unaumuka. Tukifika, unga uko tayari na sisi tuko tayari. Mlo huo tumeupa hata jina: kurudisha nguvu. "Ongeza moja, Mama Mutheu, si umetoa jasho?" Mama Halima akisema hivyo, naongeza. Kuna wenzangu wakishakimbia hawataki kuona chakula mpaka saa sita. Mimi tumbo hunguruma kabla sijavuka lango. Na njaa ya mbio si kama njaa nyingine. Inakuja ikidai haki yake.

Leo nilitaka kujituliza kabla ya kliniki. Tulipokuwa tukirudi nikasimama kwa yule mzee anayekaa kando ya barabara na mizani yake ya kupima watu. Nikapanda nikitabasamu.

Nimeongezeka kilo mbili.

"Hii imeharibika," nikamwambia.

"Mama, imepima watu tangu jana. Ni wewe wa kwanza kuigombeza."

Nikavua viatu. Nikafungua leso. Nikampa Mama Halima simu anishikie. Kilo zikabaki pale pale. Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini nilipoinama kuvaa viatu nilikuwa nikihesabu. Miezi mitatu! Nimeamka na baridi hii miezi mitatu, kumbe ninaivutia sukari kiti, ikae?

Nilirudi nyumbani na hasira za kutafuta mtu, nikashinda nazo mpaka saa nane mchana. Jumatano ni siku yetu ya maji, yanatoka mfereji wa chini peke yake, na sisi tuko gorofa ya tano. Nikakaa kwenye kiti changu, miguu juu ya stuli, nikamwita Mutheu, binti yangu, maana shule zimefungwa. "Shuka na mitungi. Na ulete chai kwanza."

Akaleta chai. Halafu akasimama hapo.

"Mathe, usinikasirikie. Wewe unakimbia saa moja, halafu siku yote umekaa. Kitambo si maji ulikuwa unabeba mwenyewe? Saa hii hata rimoti naitwa kutoka jikoni nikupatie."

"Nyamaza! Unaongea na nani hivyo?"

Akachukua mitungi akashuka. Nikasikia malapa yake, pa, pa, pa, ngazi zote hadi chini.

Nikabaki na ile chai. Nikajaribu kumkasirikia, hasira ikakataa kuja. Ni ukweli. Kabla ya hizi mbio nilikuwa napanda ngazi hizi mara sita, mara saba kwa siku: maji, sokoni, kuanika nguo juu kabisa, kurudia sabuni niliyosahau. Hakuna aliyeyaita mazoezi. Nilipoanza kukimbia nikajiambia kazi ya leo nimeimaliza kabla jua halijatoka, mwili upumzike. Mazoezi hayana kosa, pumzi ninayo. Lakini ninachotoa barabarani nakirudisha kwa mahamri, na kinachobaki nakikalia.

Na ngazi zangu nimempa mtoto.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwa sababu mguu ukienda, atakayeuosha ni huyo huyo.

Nilishuka. Nikamkuta gorofa ya tatu, ameweka mtungi chini anapumua. Sikujua kuomba msamaha kwa maneno. Nikashika mtungi. Akaniangalia, akasema, "Polepole basi, usinimwagie." Tukapanda.

Kesho nitamwambia nesi yote, na mahamri nitayataja. Aandike anachoandika. Mbio siachi. Ila asubuhi Mama Halima akifunua ule unga na ile harufu itoke, mimi na hii njaa yangu, nitaweza kumwambia moja tu inatosha? Sijui. Nikisema najua nitakuwa nadanganya.

Nimeandika haya nimeegemea dirisha. Bado mitungi miwili iko chini. Nimemwambia Mutheu akae kwenye kiti changu, ainue miguu, na asishuke mpaka nirudi.