Jicho la Kushoto, Barabara ya Kabambare

Jumatatu, tarehe 4 Novemba
Nimetazama oili ya gari, nimejaza maji, nimefunga godoro la Furaha kwa kamba juu ya vyungu. Furaha, binti yangu, ni muuguzi. Amepewa kazi Kabambare, aanze Ijumaa. Nimesema nitampeleka mwenyewe, kama baba.
Jicho langu la kushoto lina ukungu tangu mavuno ya mpunga. Mama yake hajui. Furaha hajui. Naogopa.

Jumanne, tarehe 5
Tumetoka Kasongo asubuhi. Mvua. Pikipiki zinapita pande zote mbili na magunia, na mbuzi. Za kushoto nazisikia kabla ya kuziona. Karibu na Lusangi nimegusa gunia la mtu. Akanitukana. Haki yake. Nimemwambia Furaha ni utelezi. Amenitazama sana.

Jumatano, tarehe 6
Hatujasogea. Kamiyo, lori kubwa la mafuta ya mawese, imezama matopeni, imeziba barabara nzima. Mbele yetu magari kumi na moja. Nyuma sijahesabu. Watu wanapika wali kando ya magurudumu.
Mchana wamama wanaouza ndizi wamefunga vitu vyao wote kwa mara moja, wakaondoka. Halafu tukasikia: watu wenye bunduki wameonekana mtoni. Hakuna aliyepiga kelele. Hiyo ndiyo imeniogopesha zaidi. Furaha amevua saa yake, ameificha ndani ya kiatu. Nami sina pa kumficha yeye.

Alhamisi, tarehe 7
Kamiyo imetoka baada ya saa nyingi za majembe. Injini zote zikawaka pamoja. Kila mtu anasukuma avuke mto mchana, kwa hofu ya wale wa mtoni.
Daraja ni magogo tu, mawili kila upande wa magurudumu. Zamu yangu ikafika. Ya kulia nayaona. Kushoto, kivuli. Nikasimama. Nyuma honi, matusi.
Nikamwambia Furaha: "Mama, jicho la kushoto halioni."
"Tangu lini, Papa?"
"Tangu mavuno."
Nilingoja anigombeze. Akafungua mlango, akapanda juu ya magogo, akanigeukia, mikono juu. Maji mekundu chini yake. "Angalia mikono yangu tu, Papa. Usiangalie kingine."
Alirudi kinyumenyume, hatua moja moja. Nikikosea, ninamuua mtoto wangu kwa gari langu. Hilo tu ndilo lilikuwa kichwani. Katikati gurudumu likateleza, gari likainama. Hakuruka pembeni. Akapunga mkono wa kulia polepole, polepole, mpaka mpira ukashika gogo.
Ng'ambo nilizima injini, nikashuka. Yeye alikaa chini kwenye matope, akalia kwa sauti. Watu wa bunduki hatukuwaona.

Ijumaa, tarehe 8
Kabambare, tangu jana usiku. Chumba chake ni kidogo, bati halivuji. Asubuhi amekwenda kazini na sare iliyokunjamana.
Gari litabaki hapa. Nitarudi Kasongo nyuma ya pikipiki ya mtu. Furaha amesema hivyo, sikubisha. Nimeona aibu kidogo, halafu imepita.
Adhuhuri amerudi na sombe, majani ya muhogo, tumekula. Ukutani mwenye nyumba ametundika kalenda. Furaha ameniziba jicho la kulia kwa kiganja, akauliza kama ninaona namba.
Nimemwambia hapana.